Njia ya ndoo si njia ya gurudumu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara na ramani Mtwara na Lindi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi. Mameneja wa TARURA na TANROADS katika mikoa hii miwili. Wakurugenzi wa Halmashauri zetu. Na ndugu wanaotengeneza programu za kupanga njia za baiskeli, popote walipo.

YAH: KUJAZA TAARIFA ZA NJIA KATIKA RAMANI HURIA ILI WAENDESHA BAISKELI WASIPELEKWE HATARINI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Mikindani. Nilijifunza baiskeli nikiwa mfupi kiasi cha kupitisha mguu chini ya chuma cha fremu kwa kuwa kiti kilinizidi, na mpaka leo baiskeli ndiyo inayonifikisha kazini, sokoni na misibani. Jumamosi huwaongoza wageni wanaotaka kuiona Mikindani na mashamba ya korosho wakiwa juu ya baiskeli. Ninachowaandikia hapa nimekipita kwa tairi, na sehemu yake nimeilipia.

Masika ya mwaka jana nilikuwa Newala na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Tukapata habari ya msiba katika kijiji kimoja cha bondeni, upande wa mto Ruvuma, tukataka kuwahi maziko. Barabara ya magari inazunguka. Mdogo wangu akafungua simu, akaiambia programu ya kupanga njia kwamba tunakwenda kwa baiskeli, nayo ikatuchorea mstari uliokata ukingo wa uwanda na kushuka moja kwa moja: dakika 24, mteremko mtupu. Hapakuwa na neno la tahadhari. Mstari ule ulikuwa na rangi ileile ya barabara nzuri tuliyokuwa tumesimama juu yake.

Pale njia inapoanza kushuka tulimkuta bibi mmoja, katoka bondeni, ameitua ndoo apumzike. Tukamwamkia. Akaitikia, akazitazama baiskeli, akasema, "Wajukuu zangu, huku hakushukwi na baiskeli. Hata mbuzi wetu tunawazungusha." Mimi nilitaka kurudi. Mdogo wangu akamwonyesha bibi mstari kwenye simu, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeonyesha barua yenye muhuri. Bibi hakubishana na simu. Alijitwisha ndoo yake, akaenda.

Hatukufika mbali. Mvua ilikuwa imechimba korongo katikati ya njia, kina cha kiuno, kingo zake mchanga mwekundu uliolowa. Mdogo wangu alikuwa mbele. Breki zilishika lakini ardhi haikushika, akaenda chini pamoja na baiskeli. Alivunjika mtulinga. Tulimpandisha mlima kwa saa mbili, mimi na vijana wawili waliotoka shambani mwao kuja kutusaidia, baiskeli tukaziacha. Maziko hatukuyawahi. Namshukuru Mungu kwamba ni mtulinga tu.

Alipopona, nilitaka kujua mstari ule ulitoka wapi. Programu tuliyotumia inasoma OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha, na ambayo ndiyo msingi wa programu nyingi za baiskeli duniani. Nikautafuta mstari wetu, nikaubonyeza. Ulichorwa miaka kadhaa nyuma kwa kufuatisha picha ya setilaiti, na taarifa iliyobandikwa juu yake ilikuwa moja tu: njia ndogo. Hapakuandikwa udongo wake, upana wake, wala kama kuna anayeweza kuipita wakati wa mvua. Aliyechora hakukosea. Aliona ufito mweupe ukipita kati ya mikorosho, akauchora, na kweli njia ipo. Kosa lilizaliwa baadaye, pale mashine ilipoachiwa ijaze yenyewe yale ambayo hakuna mtu aliyeyaandika.

Niruhusuni nieleze jinsi mashine hii inavyokokotoa, maana bila hilo ombi langu litaonekana jambo dogo la mtu aliyeanguka. Programu ya kupanga njia hukata ramani vipande, kila kipande ikakipa gharama, kisha ikatafuta mfuatano wa vipande wenye jumla ndogo kuliko yote. Urefu unaongeza gharama, mlima unaongeza, magari mengi yanaongeza. Kwa hiyo barabara kuu hupewa gharama kubwa na mwenye baiskeli husukumwa pembeni. Nia hiyo ni njema, na huku kwetu ina haki yake kabisa. Aliyewahi kupiga pedeli kati ya Masasi na Mtwara, malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yakimpita kuelekea bandarini na msimu wa korosho umepamba moto, anaelewa kwa nini mtu atamani kuiacha lami. Lakini huko pembeni kuna nini? Mashine haijui. Ikikosa maelezo hutumia makadirio yaliyowekwa na mtengenezaji wake, na makadirio hayo hayakufikiriwa na mtu aliyesimama Newala. Kipande kisicho na habari mbaya kinahesabiwa kuwa kizuri.

Hata milima yenyewe mashine haiioni kama tunavyoiona. Programu nyingi hutegemea vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kutoka angani na chombo cha Marekani mnamo Februari 2000, na kila kipimo kinawakilisha mraba wenye upande wa mita kama 30. Ndani ya mraba huo korongo la upana wa mita tano linapotea lote. Kwa hesabu za simu, tulikuwa kwenye mteremko mkali wa kawaida. Shimo lililomlaza mdogo wangu halikuwemo, na pengine mwaka 2000 kweli halikuwepo, kwa kuwa makorongo yetu huzaliwa na kukua kila masika.

Nakaa hapa kidogo, waheshimiwa, kwa sababu ndipo penye kiini cha barua hii. Anayesimama ukingoni pa Shimo la Mungu pale Newala anaona jinsi uwanda wa Makonde unavyokatika ghafla na bonde linavyolala chini mamia ya mita. Juu ya uwanda hakuna mito. Mvua inanywea mchangani na kutokeza chini kama chemchemi, na kwa vizazi kina mama wa huku wameteremka kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Njia za ukingo ule zilichongwa na miguu iliyobeba ndoo. Mguu unajua kukanyaga mzizi na kuufanya ngazi, kuvuka ufa, kukata kona palipo na nafasi ya nyayo moja. Gurudumu halijui lolote kati ya hayo. Lakini ndani ya ramani njia ya ndoo ya Newala na kijia cha tambarare kinachotoka Naliendele kwenda shambani vimepewa jina moja, na mashine haina jinsi ya kuvitofautisha.

Hapa Mikindani hatari ni ya namna nyingine. Ghuba yetu ina mikoko, na kati ya mikoko kuna vijia vya wavuvi na wachuuzi wa samaki vinavyofupisha safari sana. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti yake huzidi mita tatu. Picha ya setilaiti ikiwa imepigwa maji yamekupwa, kijia kinang'aa kama barabara ya changarawe. Saa sita baadaye ni bahari. Niliwahi kuwapokea wageni wawili waliofuata mstari wa namna hiyo. Walifika ufukweni kwa mtumbwi wa mvuvi aliyewaona wamebeba baiskeli mabegani, maji yamewafika kifuani. Watoto wangu wa darasa la tatu wanajua saa za bamvua bila kuambiwa na mtu. Simu ya mgeni haikujua, na haikuwa na namna ya kujua, kwa sababu hakuna aliyeiandikia. Wakati ramani huria ina lebo maalumu, yaani taarifa fupi inayobandikwa juu ya mstari, ya njia inayofunikwa na maji ya bahari! Nilikaa na wavuvi wawili jioni moja wakanionyesha vijia vitano vya aina hiyo, nikaviwekea lebo. Kazi yote ilichukua nusu saa na bando la siku moja.

Upande wa Lindi wenyeji watakuwa na yao, nami nataja tu yale ambayo kila msafiri anayajua: mabonde ya Lukuledi na Mbwemkuru, ambako palipo mchanga mkavu kiangazi panakuwa na maji yanayokwenda kasi masika, na Liwale na Nachingwea, ambako tembo wanaingia mashambani na vijia vya porini si vya kupitwa jioni. Msimbati, kwetu huku, kuna mchanga unaomeza rimu; huo hauui mtu, lakini unamwacha mbali na maji jua likiwa utosini.

Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga. Nchi nzima ilijua mara moja, kwa sababu mabasi yalisimama. Kivuko cha magogo cha kitongoji kikichukuliwa na maji hakuna basi la kusimama. Ramani inaendelea kukionyesha, na wa kwanza kujua ni yule atakayefika pale gizani.

Baada ya ajali, rafiki zangu wengi walinishauri niufute ule mstari wa Newala. Nilikataa, na nawaomba nanyi msilifikirie hilo. Njia ipo. Bibi anaipita kila siku, wahudumu wa afya wanaipita kwa miguu, na vijana waliomwokoa mdogo wangu waliijia hiyohiyo. Ukiifuta, mwaka ujao mtu mwingine, pengine yuko Ulaya anajitolea kwa moyo safi, atauona tena ule ufito mweupe kwenye picha na kuuchora upya, mtupu kama mwanzo. Wapo pia walioniambia niandike kwamba baiskeli haziruhusiwi. Hiyo nayo nimeikataa. Lebo hiyo imewekwa kwa ajili ya katazo la kisheria, na hakuna sheria ndogo ya halmashauri iliyokataza baiskeli pale. Tukianza kuandika uongo wenye nia njema, kesho hakuna atakayejua lebo ipi ni sheria na ipi ni hofu ya mwalimu wa Mikindani.

Kinachotakiwa ni kuandika kilichopo. Ramani huria ina nafasi ya kueleza uso wa njia: lami, changarawe, udongo, mchanga. Ina kipimo cha ulaini chenye ngazi nane, kuanzia njia laini kabisa hadi isiyopitika kwa chombo chochote chenye magurudumu. Ina kipimo cha ugumu kwa baiskeli za milimani, kuanzia 0 hadi 6. Ina upana, ina msimu, ina alama ya mahali pa kuvukia maji kwa miguu. Julai nilirudi Newala. Nilimtafuta yule bibi nikamwomba radhi, akacheka, akampa mjukuu wake kazi ya kunishusha. Tulikwenda kwa miguu, mimi na kijana yule, na futi ya fundi cherehani. Palipokuwa pembamba zaidi tulipima sentimita 40. Niliandika udongo na mchanga, niliandika upana, niliandika makorongo, na kwenye ulaini niliweka ngazi ya mwisho. Siku chache baadaye, data mpya ilipoingia, niliiuliza programu ileile swali lilelile: Newala hadi kijiji kile, kwa baiskeli. Ikanizungusha kwa barabara ya magari.

Basi inawezekana. Lakini mimi ni mmoja, na njia za aina ile katika mikoa miwili siwezi kuzihesabu.

Ndugu zetu wa TARURA, tangu mwaka 2017 ninyi ndio wenye dhamana ya barabara za vijijini na mijini. Wahandisi wenu wanakagua, wanajua barabara ipi ni ya changarawe na ipi ya udongo, kalvati lipi limeziba na daraja lipi limekwenda. Naomba kumbukumbu hizo zitolewe wazi, pamoja na idhini ya maandishi inayosema zinaweza kuingizwa katika ramani huria. Hiyo idhini ndiyo jambo la kwanza, kabla hata ya data. Sheria za ramani ile haziruhusu kunakili kutoka chanzo chochote bila ruhusa ya mwenyewe, na wachoraji makini wanaiheshimu. Hata mkibandika orodha ukutani, bila karatasi ile hatuwezi kuigusa. Karatasi moja, sahihi moja. Nawaomba TANROADS vivyo hivyo kwa barabara kuu na za mkoa, hasa mabega ya barabara: wapi pana bega la lami la kumtosha mwenye baiskeli, wapi hakuna. Mtu akijua barabara kuu ina nafasi yake, hatakuwa na sababu ya kukimbilia korongoni.

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa na Wakurugenzi, njia za miguu haziko kwenye kumbukumbu za mhandisi yeyote. Ziko vichwani mwa watu. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Naomba ule wa kabla ya mvua uwe na ajenda moja ya njia: ipi haishukiki na baiskeli, ipi inafunikwa na maji, ipi imekatika tangu mwaka jana. Mwenyekiti wa kitongoji aseme, kina mama wanaoteka maji wasikilizwe kwanza maana ndio wanaozijua, mtendaji aandike kwenye daftari au aweke alama juu ya ramani iliyochapwa kwenye karatasi. Simu haihitajiki pale. Kuingiza kwenye kompyuta kutafanywa na wengine.

Na wengine hao wapo. Dar es Salaam ilianza mwaka 2015 kupitia mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia kwenye mitaa inayofurika, wakachora mifereji na nyumba pamoja na wakazi wenyewe. Mtwara tuna Chuo Kikuu kishiriki cha Stella Maris, tuna vyuo vya ualimu na VETA. Lindi nako vijana wa chuo hawakosekani. Mwanafunzi wa jiografia aliyetumwa kwao likizo na fomu ya njia kumi atarudi na kitu ambacho setilaiti haitakipata kamwe.

Najua kuna atakayesema wenyeji hawapangi safari kwa simu. Mimi naona kila siku wanaopanga. Kijana anayepeleka mizigo kwa baiskeli kwa wateja waliompigia, mhudumu wa afya aliyepangiwa vijiji vipya, muuguzi au mwalimu aliyeletwa kutoka Kagera au Mara akiwa hajui hata neno moja la Kimakonde la kuulizia njia. Hawa si watalii. Ni watumishi wenu, na wengi wao usafiri wa kwanza wanaoumudu ni baiskeli.

Ndugu mnaotengeneza programu, kwenu nina ombi la pekee. Pale ambapo hamna taarifa, semeni hamna. Kipande kisicho na maelezo kipakwe rangi nyingine. Kiwekeni maneno machache: njia hii haina taarifa, uliza wenyeji. Msikipe dakika kwa uhakika uleule mnaoupa lami, maana mdogo wangu hakuamini mstari tu, aliamini ile 24. Na njia isiyojulikana isiishinde barabara inayojulikana eti kwa sababu imeokoa kilomita mbili, hasa penye mteremko mkali na miezi ya mvua. Vivuko navyo mviangalie. Penye kivuko cha Lindi kwenda Kitunda, au cha Mtwara kwenda Msangamkuu, mtu asizungushwe bara nzima kupitia vijia kwa sababu tu mashine haikutambua kwamba baiskeli inapanda kivukoni.

Nimekwisha kuandaa orodha ya vijia 31 kati ya Mikindani, Naliendele na Ziwani nilivyovipita mwenyewe, na vielelezo vya picha kwa kila kimoja. Ofisi yoyote kati yenu ikitaka kuviona, au ikitaka nikae na mafundi wake nusu siku kuwaonyesha jinsi lebo zinavyojazwa, nitakuja kwa baiskeli siku mtakayoitaja baada ya saa za shule, bila malipo. Ninachoomba ni kwamba tuonane kabla ya mvua za Desemba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu na mwendesha baiskeli,
Mikindani, Mtwara